Kupeleka Samaki Ziwani

Wapendwa wa kwaya, na wewe Mama Jeni uliyenivizia hadi kisimani, sasa tulieni. Kila mmoja wenu ana kipande chake cha habari. Huyu kasikia nililala matopeni, yule kasikia nilimfukuza mkwe wangu bwawani nikiwa na ungo mkononi. Yote yana ukweli kiasi, na yote yamepinda. Nimekaa leo niandike safari nzima, kwenda na kurudi, mpokezane msome, halafu mniache nipumzike. Mambo ya vibali na karatasi siyaandiki. Nilikuwa nazo, zimekunjwa mkobani, na sijawahi kuona mtu aliyefurahishwa na habari za mihuri.

Mnajua boti yangu ni ya migonzo, ile kamba ndefu yenye ndoano nyingi tunayoitandaza ziwani jioni kumngojea sangara. Sangara naye si mjinga. Ndoano tupu haigusi, na chambo kilichokufa anakipita kama mtu aliyeshiba. Anataka kambare mdogo, mzima, anayepiga mkia. Mwaka huu madimbwi ya jirani yetu yalikauka, wauza chambo wakatoweka, na boti yangu ikakaa mchangani hadi kuku akaanza kutagia ndani yake. Pale mwaloni, boti zinapotia nanga, mwenye boti huitwa tajiri. Nawaambieni, hakuna kejeli inayouma kama kuitwa tajiri kila asubuhi na watu ambao hujawapa kazi tangu mwezi uliopita.

Siku moja Gozibert, nahodha wangu, akaja nyumbani kwa adabu zake zote, kofia mkononi.

"Shikamoo Mama Koku. Tumeitwa na boti moja ya visiwani. Mimi na wenzangu tumeomba watungoje hadi Jumamosi. Chambo kikipatikana kabla ya Jumamosi jioni, tunabaki. Kisipopatikana, Jumapili tunavuka."

Sikuweza kumlaumu, ana watoto. Lakini tangu nifiwe na baba Koku, Gozibert ndiye aliyeifanya boti ile iitwe boti. Akiondoka yeye, zinabaki mbao. Nikamwambia nimesikia kwamba Kyerwa, kwenye mabonde ya Mto Kagera, kambare wadogo wamejaa kama viluwiluwi. Akaniangalia akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Sawa, tajiri," akasema.

Mwaloni hadi Omurushaka

Niliondoka Jumanne. Njia ya kupanda hadi Kyaka mnaijua, siwachoshi nayo. Baada ya daraja hewa inabadilika. Mimi nilijifunga khanga nyepesi kama mtu anayekwenda sokoni, na tulipoanza kuingia Karagwe baridi ikanikumbusha kwamba umri umekwenda. Migomba imepandana na vilima mpaka huoni nyumba, unaona moshi tu ukitoka katikati ya majani, ukajua pale kuna mtu anapika ndizi na hukualikwa.

Omurushaka nikakwama. Gari la kwenda Rubwera lilikuwapo, dereva ndiye hakuwapo. Alikuwa msibani. Nikauliza atarudi lini, wakaniambia akimaliza kuzika. Nikaona nisibishane na marehemu, nikaingia kwa mama mmoja mpika chakula, nikaletewa ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, sahani ya kumtosha mchimba mtaro. Wanaume watatu walikuwa wanakula meza ile ile.

"Mama anaelekea wapi?" mmoja akauliza.

"Kyerwa. Nakwenda kununua samaki."

"Na unatoka wapi?"

"Ziwani, upande wa Kemondo."

Vijiko vikasimama. Yule mzee wa pembeni akafuta mdomo taratibu. "Waitu, mwenzetu," akasema, "siku ukiniona mimi natoka Kyerwa kwenda kwenu ziwani kununua ndizi, tafadhali nipeleke kwa daktari."

Walicheka mpaka mwenye mgahawa akatoka jikoni kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka. Nikajaribu kueleza kwamba ni chambo, kwamba ni samaki wa kumvulia samaki. Ikawa mbaya zaidi. Mmoja akataka kujua sangara anayenaswa naye tutamvulia nini, mamba? Dereva alipofika na macho mekundu ya kilio, akasimuliwa habari yangu hata kabla hajaketi, akacheka naye, masikini, akasema Mungu ambariki yule mama, maana tangu asubuhi hakuwa ameona jino la mtu.

Rubwera, kwa Bi Zuhura

Rubwera ni mji wa ofisi. Watu wa mashati yaliyopigwa pasi, maduka madogo, pikipiki zimejipanga. Kosa langu lilikuwa kuuliza sokoni kambare wadogo wanapatikana wapi. Wa kwanza akanitolea kambare waliokaushwa kwa moshi, wamejikunja wameuma mikia. Nikasema nataka wazima. Wa pili akanitolea mkubwa zaidi, naye wa moshi, hajakatwa hata pezi. Mzima, si ndiyo? Wa tatu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninatafuta dawa.

Aliyeniokoa ni Bi Zuhura, mwenye duka la vyombo vya plastiki. Babu yake alitokea Pangani na mali ya duka, akapanda milima hii, hakushuka tena. Bi Zuhura mwenyewe bahari hajaiona, lakini Kiswahili chake kimebaki kule.

"Mwanangu, hebu keti kwanza. Wewe wataka kambare walio hai, wadogo, uwachukue mpaka ziwani?"

"Ndiyo, shangazi."

"Haya. Mie nimeuza mapipa kwa watu wa pombe, watu wa maziwa na bwana mmoja aliyetaka kuoga humo. Mwenye kusafirisha samaki kumrudisha majini, wewe ndiye wa kwanza. Bismillahi, chagua pipa."

Nikachagua la bluu, lenye mdomo mpana. Akakataa katakata nikalale nyumba ya wageni. Usiku ule nilikula wali wa nazi Kyerwa, katikati ya bahari ya ndizi. Nazi zile alisema huja kwa basi na hufika zimechoka kuliko abiria. Kabla ya kulala akampigia simu mtu wa bondeni anayeitwa Evodi, mwenye migono, ile mitego ya kusuka inayotegwa majini samaki akiingia hatoki. Akanipatia na gari: pikapu ya Deo, mbeba ndizi, ambaye angeshuka hadi Kyaka na zaidi. Nililala nikamshukuru Mungu kwa watu wanaomsaidia mjinga kabla hawajamwelewa.

Bondeni

Jumatano ilikuwa siku ya Evodi. Ukishuka kwake, mafunjo yanasimama marefu kuliko mtu, na maji unayasikia kabla hujayaona. Lakini kwanza hakuna biashara mpaka umwamkie mama yake. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, akanipa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa zikakaushwa, kwa mikono miwili. Ukipewa kahawa hii hukatai na hukimbii. Unatafuna, unauliza habari za ng'ombe, unauliza za mvua. Mimi moyoni nilikuwa nahesabu Jumamosi.

"Ni kweli," akauliza bibi, "ziwa lenu mtu akisimama hapa haoni ng'ambo?"

"Kweli, bibi. Unaona maji mpaka yanagusana na mbingu."

Akafikiri. "Basi mnajuaje kama kuna ng'ambo?"

Nikaomba kahawa nyingine ya kutafuna. 

Kuingia kwenye mafunjo, Evodi alinionya kwamba viboko wapo, na kiboko hapendi kushtukizwa. Dawa ni kupiga kelele. Akaanza kuimba wimbo wa Pasaka kwa sauti ya tatu, nene kama ngoma. Mngefanya nini ninyi? Nikashika sauti ya pili. Tukategua migono yote tukiimba, maji kiunoni, yeye anainua, mimi napokea, na kila mgono ulipomwagwa kambare wadogo walicheza ndani ya beseni kama mvua kwenye bati. Nilifurahi kijinga. Nilikuwa nacheka peke yangu. Tulipotoka Evodi akasema sauti ya pili nimeiteremsha kidogo ubeti wa mwisho. Mwalimu wa kwaya, umepata mwenzako.

Rubwera kwenda Nyabiyonza

Sasa niwaambie jambo moja kuhusu kambare, maana hapa ndipo roho iliponitoka mara ya kwanza. Kambare huja juu kuvuta hewa. Pipa lake unalitia maji nusu, unafunika kwa chandarua au kitambaa, basi. Ukilijaza ukafunga kifuniko, samaki wako anakufa maji. Ndiyo, samaki anakufa maji.

Alhamisi asubuhi, wakati nikimuaga Bi Zuhura, Deo akanifanyia wema. Deo ni kijana mpana, mcheshi, wa kukusaidia kabla hujaomba. Aliona pipa lina maji nusu, akanionea huruma. Akajaza mpaka pomoni, akakaza kifuniko kwa magoti, akalifunga na kamba katikati ya mikungu ya ndizi, akanikuta nimeshakaa mbele.

Tulikwenda tukipiga hadithi. Tulipofika Nkwenda akasimama kununua vocha, nikashuka kuwatazama watoto wangu. Nikasikia kimya. Pipa la kambare wazima lina sauti yake, tap, tap, kama watu wanaogusa meza kwa vidole. Hapa hapakuwa na kitu.

"Deo! Nani amefunga hili?"

"Mimi, mama. Lisimwagike."

"Mawe, mama yangu! Fungua, fungua!"

Akafungua. Matumbo meupe yalikuwa juu. Tukamwaga maji pale pale barabarani kwa mikono, kwa kofia ya Deo, kwa kikombe cha muuza uji. Deo jasho linamtoka, anasema nisamehe mama, mimi nilidhani samaki anapenda maji. Sikumjibu vibaya, maana mwenye akili timamu yeyote angedhani hivyo. Baada ya muda mmoja akapiga mkia. Kisha mwingine. Kisha pipa zima likaanza kuchemka, na watu waliotuzunguka wakapiga makofi. Waliokufa hawakuwa wengi, muuza uji akawachukua kwa furaha.

Mara ya pili roho ilinitoka Deo aliposema tutapita Nyabiyonza, kuna mikungu inamngoja huko.

Nyabiyonza ndiko alikoolewa Koku wangu. Tangu harusi sijakanyaga. Si kwamba sikutaka! Lakini mnajua: mara ya kwanza mzazi kwenda ukweni kwa mwanawe haendi kama anayekwenda kisimani. Anakwenda na kitu, na mkono mtupu haulambwi. Mwaka huu boti haikuvua, nami nilikuwa naahirisha. Basi nikajifunika khanga kichwani mpaka kwenye nyusi, nikamwambia Deo apite pale upesi. Nilikusudia kupita karibu na nyumba ya mwanangu kama mwizi.

Mvua haikukubali. Ilitushukia kwenye mteremko, udongo mwekundu ukawa sabuni, na pikapu ikaenda ubavu ubavu, polepole, kwa adabu, ikalala mtaroni. Hatukuumia. Wakatokea watu kwenye migomba kuja kusukuma, na mama mmoja akanichungulia chini ya khanga.

"Huyu si mama yake Koku? Wa kwa mzee Anatoli? Jamani, mkwe wa mzee Anatoli yuko mtaroni!"

Ikawa imekwisha. Wawili wakainua pipa langu kwa mti mabegani, mmoja akanishika mkono, tukapanda kwa mzee Anatoli kwa maandamano, mvua inanyesha, mtu anapiga vigelegele.

Ukweni

Mzee Anatoli ni mzee wa kanisa, mtaratibu, suti ya Jumapili hata siku ya mvua. Mkewe, Mama Leokadia, ni mtu wa kukukumbatia mpaka ukohoe. Mwenyewe Koku alikuwa shambani kwenye kahawa. Mumewe yuko kazini Kayanga, hurudi mwisho wa juma. Nikapokelewa kwa maneno matamu, nikapewa nguo kavu, kiti na sahani.

Sasa sikilizeni desturi, maana ndiyo iliyonimaliza. Kule, kama ilivyo kwetu, mgeni hatangazi zawadi. Mzigo wake unapokelewa mlangoni, unaingizwa ndani kimya, na mwenyeji haulizi ni kitu gani, maana kuuliza ni uroho. Pipa langu likapokelewa mlangoni. Nami, kwa baridi na aibu ya kuja bila kitu, wala sikulifikiria.

Nilikuwa katikati ya ndizi na nyama ya kuku niliposikia watoto wa jirani wakipiga kelele nje. "Samaki! Babu ameweka samaki!"

Mama Leokadia akanishika goti, machozi yanamlengalenga. "Mkwe wangu, nani alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Habari za bwawa!"

Ndipo nikaelezwa. Mzee Anatoli alipostaafu alichimba bwawa la samaki chini ya migomba, kwa jembe, kwa mikono yake. Hakupata mbegu ya samaki. Majirani wakaliita bwawa la vyura, na jioni walikuwa wakimuuliza kama vyura wameshanenepa. Na leo mkwe wake wa ziwani, bila kuambiwa, amevuka mvua na kuanguka mtaroni kumletea pipa zima la samaki hai. Mzee alikuwa amewamwaga mwenyewe, suti na yote. Akaingia sebuleni, magoti yamelowa, akasimama mbele yangu, akalia machozi. Mzee yule wa suti na taratibu, akalia mbele ya watu!

Ningesema nini mimi? Maji yakimwagika hayazoleki, seuze yakimwagika na kambare. Nikameza kipande cha kuku. Nikasema, "Karibuni." Ndiyo, nilisema karibuni.

Koku alirudi jioni na kikapu kichwani. Aliniona, akakitupa, tukakumbatiana, tukalia kidogo, ndivyo tulivyo. Kisha akaona pipa limefunikwa kifudifudi uani. Mtoto wa mwaloni haambiwi. Aliangalia pipa, akaangalia bwawa, akaniangalia mimi. Akanivuta nyuma ya jiko.

"Mama, wale ni chambo."

"Nyamaza."

"Gozibert anajua?"

Nikamweleza habari ya Jumamosi. Akashika kichwa. Halafu akauliza jambo nililokuwa naliogopa kuliko kiboko wa Evodi.

"Basi hukuwa unakuja kwangu. Ulikuwa unapita."

Nikasema ndiyo. Nikasema niliona haya kuja mikono mitupu. Akanitazama kwa macho yake yale ya baba yake.

"Ningekupokea hata bila mikono," akasema, akaingia jikoni kugeuza ndizi. Niliumia, jamani. Sitaki kuficha.

Asubuhi ya bwawa

Nilikuwa nimekata shauri. Nitaondoka Ijumaa asubuhi na pipa tupu, Gozibert atavuka, boti nitaiuza, na mwanangu ataishi kwa heshima ukweni kwake. Wakati wa chai nilikuwa nimeshaanza kuaga. Koku akaingia na birika, akapiga goti kumimina, na kabla hajainuka akasema, macho chini, sauti haitetemeki:

"Baba, naomba kusema. Wale samaki mama hakuwaleta zawadi. Ni chambo cha boti yake. Wasipofika ziwani kesho, wavuvi wake wanaondoka. Yeye hawezi kuwaambia kwa sababu anawaheshimu. Mimi nasema kwa sababu ni wangu wote, huku na huku."

Nilitamani ardhi ifunguke. Mama Leokadia akaziba mdomo. Mzee Anatoli akaweka kikombe chini. Nje jogoo akawika, mpumbavu, kana kwamba aliitwa.

"Chambo," akasema mzee.

"Mkwe wangu, nisamehe," nikasema. "Ni wako. Nimeshasema karibuni."

"Chambo ndiyo kile wanachokula samaki?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo jana nimelia machozi mbele ya watu," akasema polepole, "kwa ajili ya mboga ya sangara."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira, kumbe mzee anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, mkewe akacheka, Koku akakaa chini kabisa na birika lake akacheka na kulia pamoja. Mzee akasimama, akavua koti la suti, akalitundika mlangoni. "Leteni jembe."

Alifungua ukingo wa bwawa kwa mkono wake mwenyewe. Maji yakakimbilia kwenye migomba, na tope likabaki linachezacheza. Jamani, wazazi wa pande mbili huheshimiana. Huketi karibu, hupandishi sauti, hucheki hovyo mbele yake. Heshima yote ile niliiacha ukingoni pamoja na viatu. Niliingia na ungo, Mama Leokadia na tenga, Koku na khanga, Deo na kofia yake ile ile, mzee amekunja suruali hadi magotini. Kambare unamshika anateleza, unamshika anateleza. Mmoja alimpita mzee katikati ya miguu, mzee akamrukia, akakosa, akanishika mimi, tukaenda chini wote wawili. Ndiyo, Mama Jeni, ndipo nilipomfukuza na ungo, alikuwa amekimbia na kambare wangu mfukoni anadai huyo ni wake. Majirani waliokuja kumcheka mzee wa vyura wakavua mashati wakaingia. Sijacheka hivyo tangu nilipofiwa, na niliposimama kupumua, nimepakwa tope mpaka masikioni, nikajikuta nasema kwa sauti, asante Mungu.

Pipa likajaa kadiri yake. Wengine walikuwa wamezama kwenye tope, na kambare aliyezama kwenye tope hatoki kwa kubembelezwa.

"Waliokataa kutoka ni wako, mkwe," nikamwambia mzee.

"Hao ndio wenye akili," akasema, akachukua jembe kuziba ukingo.

Ihanda, Kyaka, nyumbani

Kuivuta pikapu kutoka mtaroni na kupakia ndizi kulitumalizia mchana, kwa hiyo Ijumaa ile tuliishia Ihanda, Deo akilala kwenye gari na mimi kwa mama mmoja aliyekuwa anaanua kahawa uani. Aliniona nina tope lililokauka na pipa linalogonga, hakuuliza neno, akatia maji ya moto. Baadaye, nimeshaoga na kula, ndipo aliposema, "Sasa bojo, tafadhali, nieleze." Nikamweleza. Asubuhi alitusaidia kubadilisha maji ya pipa, na Deo akasimama pembeni na kikombe, akiuliza kila mara, "Nusu, eh? Nusu?" Njiani kizuizini bwana mmoja akafunua kitambaa, akatazama, akauliza tunapeleka wapi. Deo akamjibu ziwani, kwa fahari, kama anayepeleka bibi harusi.

Jumamosi jua limeinama tukaingia mwaloni. Gozibert alikuwa amekaa juu ya begi lake. Hakusalimu. Alikuja moja kwa moja kwenye pikapu, akainamia pipa, akasikiliza. Tap, tap, tap. Akaita wenzake wawili kwa mluzi, na begi akalirusha ndani ya boti, kuku akatoka kwa kelele. Mpaka giza linaingia walikuwa wameshaziweka ndoano zote chambo, na boti ikaenda. Mimi nililala usingizi wa mtoto.

Hii ndiyo sababu Jumapili hamkuniona kwenye sauti ya pili. Nilikuwa ufukweni. Boti ilirudi imezama mpaka karibu na ukingo, Gozibert amesimama mbele anaimba uongo mtupu wa furaha, na walipomshusha sangara wa kwanza walihitaji watu wawili. Mnunuzi akaja na mzani wake anakimbia.

"Huyu hauzwi," nikasema. "Wengine wote pima."

"Tajiri," Gozibert akasema, "huyu ndiye mkubwa kuliko wote."

"Ndiyo maana."

Tukamfunga kwa magunia mabichi na barafu. Deo alikuwa bado yupo, ameshauza ndizi zake, akarudisha gari kinyumenyume mpaka majini. Gozibert akanitazama ninavyopanda mbele na khanga safi.

"Unakwenda wapi tena, mama? Umerudi jana."

"Nyabiyonza. Nakwenda kumtembelea mwanangu."

"Si ndiko ulikotoka?"

"Hapana," nikamwambia. "Bado sijawahi kwenda."